Mwimbaji wa Shangani na kidonge cha saa tatu usiku

Kila ilipofika saa tatu usiku, simu ndogo ya mama mmoja wa Igowole, wilayani Mufindi, ililia mara mbili. Aliinuka kwenye kigoda, akaingia chumbani, kisha akarudi jikoni akifuta midomo kwa ncha ya kanga. Mwanawe wa pekee aliyaona hayo tangu apate akili. Alipokuwa darasa la nne aliuliza, akajibiwa kuwa ni dawa ya presha. Hakuuliza tena. Nani humuuliza mama yake habari za presha mara mbili?

Kopo lenyewe lilikaa ndani ya ndoo ya unga wa ulezi. Na kulifuata hilo kopo mama hakwenda kituo cha jirani, ambako nusu ya wauguzi anasali nao. Alipanda gari mpaka Mafinga mjini, akiaga kwamba anakwenda kuulizia bei ya maharage. Maharage hayo hayakuuzwa hata debe moja.

Mama na mwana wamekubali habari yao isimuliwe, ila majina yao yabaki Igowole.

Mwaka 2019 kijana alikuwa na miaka 19. Alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa matokeo ya kusuasua, anachuma chai kama kibarua siku za wiki, na Jumapili anapiga kinanda kanisani. Kinanda alijifunza mwenyewe, kwa kukaa nyuma ya mpigaji wa zamani na kutazama vidole vyake. Meno yake ya mbele yametokeza kidogo, na shuleni alipewa jina la utani ambalo hapendi kulirudia.

Ni hayo meno yaliyomfikisha kwa Freddie Mercury. Rafiki yake mwendesha bodaboda alimwonyesha kwenye simu mzungu mmoja mwenye masharubu, amevaa fulana nyeupe isiyo na mikono, anaimbisha uwanja mzima. "Tazama meno yake, ndugu yako huyo," rafiki alitania. Kijana alitazama mpaka bando la mwenzake likaisha. Baadaye akagundua mambo mawili: kwamba yule hakuwa mzungu, na kwamba alizaliwa Unguja.

Kuanzia hapo nyumba haikuwa na habari nyingine. Mama alipopepeta maharage aliambiwa habari za Freddie, alipokoka moto aliambiwa habari za Freddie. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, na baba alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu, mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mtoto alipofika miaka kama minane walimpandisha meli, akaenda kusoma shule ya bweni Panchgani, karibu na Bombay. Hapo mama alikatisha upepetaji.

"Miaka minane? Na mama yake alikubali?"

Alikubali, au pengine aliamuliwa. Huko bwenini ndiko alikojifunza piano, na akiwa na miaka 12 tayari alikuwa na bendi ya wanafunzi. Huko ndiko pia walikomwita kwa jina la utani kwa ajili ya meno yake, kama kijana wa Igowole. Alikuwa na meno manne ya ziada kinywani. Hata alipopata fedha za kuyang'oa yote na kuweka ya dhahabu, hakuyagusa, kwa hofu kwamba sauti yake ingebadilika.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na mwaka huo familia ikahamia Uingereza, Feltham, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow. Wazazi waliokuwa na heshima zao na yaya wa watoto wakaanza upya kwenye baridi. Wazazi wa namna hiyo, waliopoteza kila kitu, humtaka mtoto asomee kazi inayoeleweka: sheria, uhasibu. Wa kwao akasomea michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza mwaka 1969, kisha akaonekana anauza nguo za mitumba kwenye soko la Kensington.

"Mitumba!" mama alicheka siku hiyo. "Hata Igowole gulioni ipo, si lazima uende Ulaya."

Lakini kicheko hicho kilikuwa na mfupa ndani yake, maana nyumbani kulikuwa na ugomvi. Kijana alitaka kwenda kusoma muziki Bagamoyo, kwenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Mama alitaka aende VETA akajifunze umeme. Ada ya popote ingetoka mahali pamoja tu: ekari moja ya misindano ambayo baba yake aliipanda mwaka 2002. Mufindi kila mtu anajua maana ya miti. Ndiyo benki, ndiyo pensheni, na ukiikata leo utangoja miaka mingine 15 au zaidi. Baba aliipanda akiwa bado ana nguvu, mwaka uliofuata akafariki. Kijana alikuwa na miaka mitatu. Aliambiwa baba alikufa kwa kifua.

"Miti ya baba yako haikatwi kwa ajili ya nyimbo," mama alisema, na akamaliza.

Kijana naye hakumaliza. Alileta hoja moja baada ya nyingine. Kwamba mwaka 1970 yule muuza mitumba aliungana na Brian May na Roger Taylor, akaipa bendi yao jina la Queen, akajipa na yeye jina la Mercury. Kwamba mwaka uliofuata alikuja John Deacon wa gitaa la besi, na wakabaki wale wanne miaka yote, jambo ambalo kwaya nyingi za huku zimeshindwa hata kwa mwaka mmoja. Kwamba chuo hakikupotea, kwa sababu nembo ya Queen aliichora Freddie mwenyewe. Kwamba mwaka 1975 alitunga "Bohemian Rhapsody", wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio, watu wa biashara wakasema hakuna redio itakayoupiga, nao ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa mfululizo. Na kwamba tarehe 13 Julai 1985, pale Wembley, kwenye tamasha la Live Aid la kuwachangia waliokuwa na njaa Ethiopia, Queen walipewa kama dakika 20 tu, na wengi waliokuwepo husema siku ile ilikuwa ya kwao.

Kijana alikuwa akisimulia kama anayeomba mkopo. Alisimulia kupanda tu. Kifo alikuwa hajakifikia.

Mwishoni mwa Novemba 2019 ilisikika habari kwamba Shangani, Unguja, katika nyumba inayohusishwa na familia ya Bulsara, imefunguliwa makumbusho ya Freddie Mercury. Usiku huo kijana alikuwa amepata makala kwenye simu, akaisomea jikoni kwa sauti, akitafsiri anavyoweza. Si kila mtu visiwani anamshangilia, makala ilieleza. Mwaka 2006 sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kikundi cha Kiislamu kupinga, kikisema maisha aliyoishi hayaendani na maadili ya watu wa Zanzibar. Mama alisikiliza bila neno. Kisha kijana akaingia sehemu ya mwisho bila kujua anakoingia.

Freddie aligundulika kuwa na UKIMWI mwaka 1987. Alinyamaza. Magazeti yalimpiga picha akikonda, waandishi wakalala nje ya geti lake, yeye akaendelea kurekodi nyimbo mpaka miguu ikagoma. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa tamko kwamba ni kweli anaumwa. Tarehe 24 alifariki nyumbani kwake London. Alikuwa na miaka 45. Kilichomuua hasa ni homa ya mapafu.

"Soma tena hapo," mama alisema.

Kijana akasoma tena.

"Siku moja?"

"Siku moja tu, mama. Miaka minne kanyamaza, kasema leo, kesho kafa."

Simu ndogo ikalia. Saa tatu. Mama hakuinuka. Ikalia mara ya pili, ikanyamaza. Halafu akasimama, akaenda chumbani, akarudi na kopo limejaa vumbi la ulezi, akaliweka juu ya meza kati ya taa na sahani za ugali.

"Hii si ya presha," alisema. "Na baba yako hakufa kwa kifua. Au alikufa kwa kifua kama huyo wako."

Aliyoyasema baada ya hapo aliyasema kwa haraka, kama mtu anayeshusha mzigo kabla shingo haijakatika. Baba alikuwa utingo wa lori la mbao. Alianza kukohoa, wakaenda kwa waganga wawili, mbuzi watatu wakaondoka. Kifo chake kilikuwa mwaka 2003, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Miezi tu. Mwaka 2006 yeye mwenyewe alipima, akapimwa na mtoto. Mtoto hakuwa nayo. Kadi ya majibu ameitunza miaka 13 ndani ya Biblia.

Si kwamba nyumba hiyo ilikuwa peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulikuta kwamba mkoani Iringa watu 11.3 katika kila watu wazima 100 wanaishi na virusi vya UKIMWI, mkoa wa pili baada ya Njombe. Kwa hesabu hiyo, kanisa likijaa Jumapili, hakuna benchi lisilohusika. Ila kila benchi linajidhani liko peke yake.

Kijana hakusema kitu kwa siku tatu. Alikwenda shambani kwenye misindano, akakaa huko mpaka ukungu ukashuka. Alichomkasirikia mama yake si ugonjwa. Ni ule ulezi. Miaka yote hiyo alikuwa akinywa uji wa ndoo ile, na mama hakumwamini kiasi cha kumwambia kilichomo. Siku ya nne alisema jambo moja: tarehe ya kliniki ikifika watakwenda wote, na yeye atapima upya kwa macho yake.

Walikwenda Mafinga mwezi uliofuata. Majibu ya kijana yalikuwa yale yale ya kwenye Biblia. Lakini kinachowachekesha mpaka leo ni benchi la kusubiria. Pale mwisho, amejifunika mtandio mpaka puani, alikaa mama mmoja wa kwaya yao, jirani wa nyumba ya tatu. Wakatazamana.

"Kamwene," mama alisalimia.

"Kamwene," yule akajibu, kisha kwa sauti ya chini: "Na wewe umekuja kwa bei ya maharage?"

Tangu siku hiyo wanapanda gari moja na kugawana nauli ya bodaboda.

Kuhusu miti, mama hakushindwa kwa hoja. Alisema tu kwamba aliyeipanda hakuipanda ili itazamwe. Mnunuzi alikuja na futi kamba yake, akajaribu kupunja kama ilivyo kawaida yao, jirani wa benchi akasimama upande wa mama kama shahidi. Ilikatwa nusu ekari. Nusu nyingine imesimama, na mama ameweka sharti kwamba ikiisha ada ya muziki bila cheti, VETA inangoja.

Mwaka 2020, vyuo vilipofunguliwa baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, kijana alijiandaa, na muhula ulipoanza alishuka Bagamoyo na begi moja na koti zito ambalo huko halina kazi. Jotoni anaimba vizuri, anasema, ila kinanda chake ndicho walimu wanachokitaka zaidi. Nyimbo za Queen anazipiga usiku, mwenyewe.

Ikifika saa tatu, simu ya mama hulia mara mbili kama zamani. Dakika chache baadaye hulia tena, ni Bagamoyo inabipu. Mama habipu kujibu, akiokoa salio. Kopo liko juu ya kabati, karibu na redio, na ndoo ya ulezi imebaki na ulezi.