Mugongo wa Mwalimu na Mazoezi ya Wahindi

Katika vitabu hivi vya mila mumezoea kusoma juu ya ndoa, matanga, ngoma na majina ya watoto. Sisi leo tunaleta jambo lililotoka mbali, na tunajua wengine watauliza: yoga inaingia namna gani katika mambo yetu? Mutuvumilie kidogo. Ilianza na mugongo.

Tulikuwa walimu wane wa shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi. Asubuhi kusimama mbele ya tablo, mangaribi kuinama juu ya kopi za wanafunzi, na katikati safari ya miguu ao ya bisi iliyojaa mpaka mlangoni. Nyuma ya miaka makumi mbili ya kazi hiyo, wawili kati yetu hatukuweza tena kuokota chaki iliyoanguka. Tulikuwa tunaita mtoto wa benchi la kwanza atuokotee. Dawa ya maumivu tulinunua kidonge kimoja kimoja, kama watu wanavyonunua sigara.

Mwenzetu wa biolojia, mama wa watoto watano, njo alituonyesha njia. Alikuwa anafundisha mtoto wa familia moja ya Wahindi wenye magazini mjini, nyumbani kwao. Siku moja mama wa nyumba akamwona anashika kiuno, akamwambia avue viatu. Hakumpa maneno marefu. Alimwonyesha namna ya kupumua, kulala chini na kuvuta magoti kifuani, kupiga magoti na kunyoosha mikono mbele. Tangu siku ile, kila mara somo la mtoto likiisha, robo saa ilikuwa ya mwalimu. Nyuma ya miezi miwili tukaona mwenzetu anainama mwenyewe kuokota chaki yake.

Tukamwomba atufundishe. Akakataa.

«Ile kintu si yangu. Benyewe njo Bahindi. Miye najua paka kidogo, mutavunjika shingo juu yangu!»

Alimpelekea yule mama wa Kihindi ombi letu, akifikiri naye atakataa. Mama akacheka. Alisema yeye pia hakurizi kwa mama yake wala kwa bibi yake. Alijifunza akiwa mtu mzima, katika kundi la mtaani kwao, juu ya mugongo uliomuuma nyuma ya kuzaa. Maneno hayo yalitushangaza. Sisi tulifikiri kila Muhindi anazaliwa na yoga, sawa vile watu wa inje wanafikiri kila Mukongomani anazaliwa anajua kucheza. Tukaanza kutafuta katika vitabu na kwenye intaneti, walimu namna walivyo, mpaka tukajua zaidi ya tulivyohitaji.

Walimu wengi wa yoga wanaofundisha leo Ulaya na Marekani, ukifuata mstari wao nyuma, unafika kwa muzee mmoja, Tirumalai Krishnamacharya, aliyezaliwa 1888 na kufa 1989. Katika miaka ya 1930 alifundisha vijana katika jumba la mfalme wa Mysore, kusini ya India. Alikuwa mkali sana. Mwaka 1934 alimpokea nyumbani shemeji yake, kijana B. K. S. Iyengar, mwenye miaka kama 15. Kijana huyo alikuwa amepita malaria, tifo na kifua kikuu, mwili umekwisha. Hakuna aliyefikiri atakuwa mwalimu wa mwili. Shuleni pia hakufaulu. Lakini mwaka 1937 alitumwa Pune kufundisha, akiwa na miaka 18. Alisema mwenyewe kwamba alijua kidogo tu, na ilibidi ajifunze akiwa anafundisha, kwa kujaribu kila zoezi juu ya mwili wake. Mwaka 1952 alikutana na mpiga fidla Yehudi Menuhin, aliyemfungulia mlango wa Ulaya. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1966. Tulipofika pale kwenye «alijua kidogo tu», tulimwangalia mwenzetu wa biolojia. Naye akaangalia dirishani.

Tena kuna mwanamke, Indra Devi, aliyezaliwa Riga mwaka 1899. Alimwomba Krishnamacharya amfundishe, muzee akakataa: mwanamke, tena mgeni! Ilibidi mfalme aingilie kati. Mwishoni ni muzee mwenyewe aliyemwambia aende akafundishe. Alifungua darasa Shanghai 1939, akaendelea Hollywood 1947, akafa Buenos Aires 2002, karibu na miaka 103.

Jambo lingine lilitugusa sisi tunaopenda kusema «mila za tangu zamani». Wachunguzi wanaeleza kwamba mazoezi mengi ya kusimama tunayoona leo si ya zamani sana. Katika maandiko ya kale ya Patanjali, kikao cha mwili kinapewa maneno machache tu. Mengi yaliingia katika karne ya 20, yakichanganyika na jimnastiki. Hata hivyo, mwaka 2016 Unesco iliandika yoga katika urizi wa watu wote. Kumbe mila inaweza kuwa ya kweli na kuwa bado inashonwa.

Karibu nasi, Nairobi, ilipita namna hiyo hiyo. Mmarekani mmoja, Paige Elenson, alikuja Kenya kutembea, akaona vijana wa sarakasi wamesimama kwa mikono, akajiunga nao. Mwaka 2007 kukazaliwa Africa Yoga Project. Vijana wa mitaa ya kimaskini walifundishwa kuwa walimu, nao wakafundisha majirani zao bure.

Basi mwenzetu akakubali. Jumamosi, darasani, benchi zimesukumwa ukutani, bashi imetandikwa chini. Lakini shida ilikuwa inatungojea. Mwenzetu wa nne, shemasi katika kanisa lake, alikuja mara mbili akaacha. Hakutukana mtu. Aliuliza tu kama ile si dini. Tukamjibu kwamba sisi hatutaji majina ya Kihindi, hatuimbi, tunasema «mazoezi ya mugongo».

«Kama munaficha jina,» alisema, «njo kusema munajua mule iko kintu.»

Mpaka leo hatujapata jibu linalotutosha. Krishnamacharya alikuwa mtu wa kumwabudu Vishnu, na kwake mazoezi na sala havikutengana. Sisi tumechukua mguu mmoja wa kiti. Tunakaa juu yake, na hatuanguki, lakini hatuwezi kusema kiti kizima ni hicho.

Ila shemasi wetu alipouliza kwa nini hatutafuti dawa ya wazee wetu wenyewe, tulinyamaza kwa sababu nyingine. Babu wa mmoja wetu, pande za Bunkeya, alijua kuunga mifupa iliyovunjika. Watu walibebwa kutoka mbali, wakarudi kwa miguu yao. Mbele ya kutayarisha majani alikuwa anatuma kila mtu inje. Mjukuu, wakati ule mwanafunzi wa ualimu, alimwomba amfundishe. Muzee akasema: «Weye utaiandika mu kaye, na dawa ikiandikwa inakufa.» Alikufa nayo mwaka 1998. Kaye ile iko tupu. Ni sawa na wafuaji wa misalaba ya shaba, waliolinda siri ya tanuru zao. Tanuru la Union Minière lilimwaga shaba ya kwanza hapa mwaka 1911. Monsinyore de Hemptinne alipoandika juu yao mwaka 1926, alikuwa anaandika juu ya kazi iliyokwisha kuachwa. Hatumlaumu muzee. Labda aliona namna tunavyotumia vitu tulivyopewa. Lakini mjukuu yule, kila tunapolala juu ya bashi, anasema mikono ya babu yake ingejua mara moja mfupa gani unauma.

Shemasi njo anashika funguo za darasa. Kila Jumamosi anakuja kutufungulia, kisha anakaa inje na kopi zake. Jumamosi iliyopita, bila kuinua macho, aliuliza namna ya kulegeza shingo. Mama wa biolojia akamwonyesha pale pale kwenye kiti. Jina la zoezi hakulitaja, naye hakuliuliza.