Kichwa Kigeukapo

Kinyonga aweza kutazama mbele kwa jicho moja na nyuma kwa jicho la pili, wala shingo yake haisumbuki. Bundi hawezi kuzungusha macho yake, maana yamekazwa katika fuvu. Lakini amepewa shingo iwezayo kugeuka nyuzi 270. Mwanadamu amewekwa katikati ya hawa wawili. Macho yake huzunguka kidogo na shingo yake hugeuka kidogo, na kwa ushirika wa viungo hivi hupata habari za dunia iliyomzunguka. Jicho hupewa sifa yote ya kuona, na shingo hainung'uniki. Hata hivyo, jicho lisilo shingo ni kama mlinzi aliyefungwa mlangoni: humwona apitaye mbele yake, na mwizi aingiaye kwa nyuma hamjui.

Mashine za kuigiza urubani zilianza pasipo kuijali shingo. Katika mwaka 1929 Edwin Link, mtoto wa mwenye kiwanda cha piano na vinanda katika mji wa Binghamton, New York, aliunda ndege ndogo isiyoruka. Iliinama, ikainuka na kugeuka kwa nguvu ya mivukuto kama ile itiayo pumzi katika vinanda. Mwanafunzi aliingia ndani yake akafunikwa kifuniko, asione kitu ila mishale ya vipimo. Kusudi la giza hilo lilikuwa jema. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege, marubani kadhaa walikufa katika mawingu na dhoruba, na jeshi likanunua mashine sita za Link. Aliyepaswa kuruka pasipo kuona ilifaa afundishwe pasipo kuona. Mashine ile ilisaidia kuokoa maisha, wala haistahili lawama.

Lakini desturi huishi baada ya sababu yake kufa. Michezo ya urubani ilipoingia katika kompyuta za nyumbani, kama ule wa Microsoft wa mwaka 1982, kifuniko kiliondolewa na badala yake likawekwa dirisha moja. Kioo cha kompyuta kilikaa mbele ya mchezaji, na mbingu yote ikawa upana wa kioo hicho. Alipotaka kuona upande wa kushoto alibonyeza kitufe, na picha ya mbele ikatoweka ghafula, picha ya kushoto ikasimama mahali pake. Hapakuwa na njia kati ya picha hizo mbili. Dunia ilikuwa kama kitabu cha picha kinachofunuliwa kurasa, na mwenye kukifunua hakuwa na hakika ukurasa mmoja umepakana wapi na mwingine.

Hasara ya jambo hili huonekana wazi zaidi katika kutua. Rubani ajiandaaye kutua hupita kwanza kando ya njia ya ndege, akielekea kinyume cha upande atakaotulia, na njia hiyo ikiwa chini ya bega lake. Aghalabu hufundishwa angoje mpaka mwanzo wa njia ubaki nyuma ya bega kwa nyuzi 45, ndipo akate kona. Kisha aendelee kuitazama mpaka akate kona ya pili na kuikabili. Kazi hii yote ni ya shingo. Mchezaji wa vitufe hukata kona kwa kukisia, na njia ya ndege humtokea mahali asipoitazamia. Akishindwa, hukimbilia vipimo, akashikamana navyo kama mtu mgeni wa mji ashikamanavyo na ramani hata barabara aitafutayo ikiwa mbele ya pua yake. Walimu wa urubani huijua sana tabia hii kwa wanafunzi waliozoea michezo kabla ya kupanda ndege: macho yao huganda juu ya vipimo, na anga, ambamo ndege nyingine hupita, husahauliwa. Anga husamehe mengi, lakini halimsamehe asiyetazama.

Dawa ilikwisha kuonekana kitambo. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alionyesha chombo cha kuvaa kichwani chenye vioo viwili vidogo mbele ya macho. Kilishikamana na mtambo ulioning'inia kutoka darini, na mtambo huo ulipima kila mgeuko wa kichwa. Picha zilikuwa mistari mitupu. Lakini mvaaji alipogeuka, mistari ilibadilika kama ambavyo kitu cha kweli hubadilika mbele ya mtu ageukaye. Neno kubwa lilikuwa limesemwa: uhai wa picha hautoki katika uzuri wake peke yake, hutoka katika utii wake kwa kichwa.

Ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla ya utii huo kufika nyumbani kwa mchezaji wa kawaida. Mwanzoni mwa karne hii kampuni ya NaturalPoint ya Oregon ilianza kuuza chombo kiitwacho TrackIR. Kamera ndogo huwekwa juu ya kioo cha kompyuta, nayo humulika kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Mchezaji hubandika juu ya kofia yake vipande vitatu virudishavyo mwanga huo, au hufunga penye visikilizio vyake taa tatu ndogo ziutoazo. Kwa kuwa umbali kati ya nukta tatu hizo hujulikana, kompyuta huzitazama jinsi zinavyokaribiana, kuachana na kuinama, ikafanya hesabu ya mahali kichwa kilipo. Miendo yake ni sita: kugeuka kando, kuinamia mbele au nyuma, kulalia bega, kusogea pembeni, kupanda au kushuka, na kukaribia au kurudi. Wenye mikono mepesi na mifuko myepesi hawakuachwa. Mwaka 2007 Johnny Lee alionyesha hadharani jinsi kamera iliyomo katika kishikio cha mchezo wa Wii iwezavyo kufuata kichwa kwa taa mbili zilizofungwa katika miwani. Na programu za bure, kama FreeTrack na opentrack, ziliwezesha kamera za kawaida kufanya kazi ya namna hiyo.

Hapa hutokea shida ambayo ufumbuzi wake una mafunzo. Kioo hakimfuati mchezaji. Akigeuza uso nyuzi 90 kulitazama bawa, atautazama ukuta wa chumba chake. Kwa hiyo mgeuko wake huzidishwa. Kichwa hugeuka nyuzi 20, na rubani aliye katika mchezo hugeuka nyuzi 100. Macho hubaki juu ya kioo, na bawa huonekana. Kuzidisha kukiwa kwingi mno, picha hutetemeka kwa kila pumzi. Kukiwa haba, nyuma hakuonekani kamwe. Wajuzi huacha katikati sehemu ndogo isiyohesabiwa, ili mtu awezapo kukohoa au kumeza mate anga lisiyumbe, kisha huacha kuzidisha kukue kidogo kidogo kadiri kichwa kiendavyo mbali. Huu ni uongo, lakini ni uongo wenye kipimo, na shingo huuzoea mara. Hatari yake ni kusahau kuwa ni uongo. Katika ndege ya kweli nyuzi 20 ni nyuzi 20, na atakaye kuona nyuma ya bega lake hana budi kuuzungusha mwili wote. Mchezo humfundisha mtu kwamba yapasa kutazama. Gharama ya kutazama haumfundishi.

Maarifa hayahaya hayakubaki katika mchezo. Katika helikopta ya kivita ya Apache, kofia ya rubani huweza kuunganishwa na mzinga wa milimita 30 ulio chini ya pua ya ndege, na mzinga ukageuka kokote uso ugeukako. Wazee walisema macho hayana pazia, na kwa usemi huo walilisamehe jicho, kwani kutazama hakumuumizi atazamwaye. Msamaha huo ulifaa zama zake. Pale kutazama kunapokuwa kulenga, jicho huhitaji pazia kuliko kiungo chochote, na pazia hilo haliwezi kushonwa na fundi wa mashine. Ni lazima liwe katika moyo wa aliyevaa kofia.

Lakini kampuni iliyouza TrackIR kwa wachezaji ilitengeneza pia chombo kiitwacho SmartNav, kwa ajili ya watu wasioweza kutumia mikono. Nukta moja ing'aayo hubandikwa juu ya kipaji cha uso au katika miwani. Kichwa kikisogea, mshale husogea juu ya kioo. Ukitulia juu ya herufi kwa muda uliowekwa, herufi huandikwa. Mtu ambaye ugonjwa au ajali imemnyang'anya mikono, na akaachiwa nyuzi chache tu za shingo, aweza kwa nyuzi hizo kuandika barua, kusoma habari, kununua chakula na kubishana na rafiki aliye mbali. Kwake yeye kuzidisha si uongo hata kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, nayo haba yake ni mwendo ambao mtu mzima angeutumia kumfukuza nzi. Wenye afya huupoteza mwendo huo mara elfu kwa siku pasipo kuuona. Yeye huuweka akiba, akautoa herufi kwa herufi, na watu wa nyumbani mwake wakapata kusikia mawazo yake.

Basi hesabu ni ileile kwa mchezaji, kwa askari na kwa mgonjwa. Kamera huzipima nyuzi na kuzizidisha, isiulize kichwa kimegeuka kwa furaha, kwa hasira au kwa haja. Hukumu ya jambo hili haiko kwa kamera. Iko kwa mwenye kichwa, ambaye peke yake anajua amegeukia nini. Chombo kilichoanza kama anasa ya watu wanaocheza urubani kimewakumbusha wote kuwa kuona ni tendo, si zawadi imwangukiayo mtu aliyekaa kimya. Ageukaye huona zaidi ya yule aliyekaza uso mbele. Na aonaye zaidi ana wajibu zaidi juu ya yale aliyoyaona.