Baba Alipakia Magunia, Nyumbani Tukalala Njaa

Watoto wengi wa Pwani ya Kusini wakisikia ndege hukumbuka watalii wa Diani. Mimi, msomaji mpendwa, nikisikia mngurumo wa ndege nzito yenye rafadha nne, humkumbuka marehemu baba yangu na njaa ya mwaka 1992.

Nilikuwa na umri wa miaka 13, mwanafunzi wa darasa la saba huko Msambweni. Baba alikuwa mkata miwa wa Ramisi. Kiwanda cha sukari kilipofungwa mwaka 1988, akageuka kuwa mtu wa vibarua: leo kuangua nazi za watu, kesho kuokota korosho, keshokutwa kuvuka feri ya Likoni kwenda Mombasa kutafuta chochote cha kubeba. Mwaka huo mvua za masika zilitupita kando. Mahindi yetu yalinyauka yangali mafupi. Tukawa watu wa mihogo, asubuhi mihogo na jioni mihogo, na mama akawa anashona makuti mchana kutwa ili apate senti za mafuta ya taa.

Mwezi wa Agosti baba alipata kibarua cha uhamali katika Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa. Wakati huo nchi jirani ya Somalia ilikuwa haina serikali tangu Siad Barre alipokimbia mji wa Mogadishu mwezi Januari mwaka 1991. Vita na ukame viliungana, watu wakawa wanakufa kwa maelfu. Waliobahatika kuvuka walijaa katika kambi za wakimbizi hapa kwetu pwani, kama vile Utange. Basi Marekani ikaleta ndege zake za kijeshi Mombasa, na mwisho wa Agosti hiyo zikaanza kupeleka chakula katika miji ya ndani ya Somalia, kama Beledweyne na Baidoa.

Likizo ile niliimalizia kwa nyanya yangu mzaa mama, huko Tsunza, ng'ambo ya pili ya hori la Port Reitz. Ndege hupaa ikiuelekea upepo, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa kusi, ndege zile ziliondoka kiwanjani zikielekea kusini, zikapita juu yetu, kisha zikageuka kushika njia ya Somalia. Zilikuwa na rangi ya kijeshi iliyofifia, mabawa yamekaa mgongoni badala ya ubavuni, na tumbo limeshuka kama la ng'ombe mwenye mimba. Kivuli chake kilikuwa kikipita juu ya shamba la mahindi yaliyokauka la nyanya, na nyanya alikuwa akisimamisha jembe na kusema, "Haya, shibe hiyo inapita. Mkono wangu haufiki."

Baba alikuwa akirudi nyumbani Jumamosi usiku, nywele zimekuwa nyeupe kwa unga. Jumamosi moja mama alilivua shati lake, akalikung'utia kwenye ungo. Kilichoanguka hakikujaza kijiko. Akamtazama baba, akasema, "Bwana, hili vumbi ndilo fungu letu?"

Baba hakujibu. Aliomba maji ya kuoga.

Mimi sikuweza kunyamaza. Nilimwuliza, kwa adabu lakini kwa uchungu, iweje mtu ashinde na milima ya chakula kisha watoto wake walale na mihogo mikavu. Kibaba kimoja tu kingemdhuru nani? Nilitarajia kofi. Badala yake baba alisema, "Jumatatu tutaondoka pamoja. Shule ikufunguwe siku moja kuchelewa."

Tuliondoka alfajiri, tukavuka Likoni, tukashika matatu ya kwenda Changamwe. Mimi nilibaki nje ya ua wa seng'enge, mahali ambapo niliweza kuona. Lori lilirudi kinyumenyume hadi mkiani mwa ndege. Mkia ulikuwa umefunguka, mlango umeshuka chini kama ulimi. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini ndege ile ina umbo la ajabu. Mabawa yamepandishwa juu ili sakafu iwe chini, karibu sawa na kitako cha lori. Magurudumu yamekunjwa ubavuni ili yasile nafasi ya mzigo. Magunia yalipangwa juu ya sinia kubwa la bati, yakafunikwa wavu, yakasukumwa ndani juu ya vigurudumu vilivyotandazwa sakafuni. Ndege moja hubeba tani 20 hivi ikijazwa sawasawa. Piga hesabu, msomaji: ni magunia 400 ya kilo 50. Kisha inatua mahali ambapo ndege nyingine haithubutu, kwenye kiwanja kifupi cha udongo, injini zikinguruma na vumbi likitimka.

Jioni baba alinikuta pale pale. Alinieleza kwamba siku hiyo gunia moja lilipasuka. Wenzake wawili walijaza mifuko ya suruali, yeye akachukua ufagio. "Mwanangu," akaniambia, "gunia lile lina mwenyewe. Simjui, naye hanijui, lakini analingoja. Nikitoa kibaba, nami nimekula pamoja na waliomnyang'anya shamba lake."

Maneno yalikuwa mazuri, lakini maneno hayajazi tumbo. Na mambo yalizidi. Mwezi wa Novemba watu fulani waliwashawishi mahamali wapunguze magunia kabla lori halijafika kiwanjani, yauzwe mjini, wagawane. Baba alikataa. Hakumshitaki mtu, alikataa tu. Wiki iliyofuata nyapara aliposoma majina ya vibarua, la baba halikuwemo. Wala halikurudi tena.

Akarejea Msambweni na kijibegi chake. Nilipofaulu mtihani wa darasa la nane mwaka uliofuata, karo ya shule ya bweni niliyoitiwa haikupatikana, nikaingia ya kutwa, huku waliokuwa nyuma yangu darasani wakipanda mabasi na masanduku mapya. Sitaki kudanganya: nilimwekea baba kinyongo. Na barazani hakuachwa. Redio ilikuwa imetangaza mara nyingi kwamba chakula cha Somalia kinaporwa njiani na wenye bunduki, hata majeshi ya kigeni yakalazimika kuingia Mogadishu mwezi Desemba mwaka 1992 ili kulinda misafara. Wazee wenzake wakamcheka: "Umekinyima kinywa cha mwanao, ukawapa wenye bunduki." Baba alikuwa akiinama na kuchezea bakora yake. Baadaye nilikuja kujua kwamba neno hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Kazi kuipoteza hakukumwuma sana. Kilichomwuma ni kutojua kama magunia yale yalifika.

Mungu hana haraka. Mwaka 1998, nikiwa na miaka 19, nilipata kazi ya ukarani wa kuhesabu mizigo huko Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan. Tangu mwaka 1989 mji ule mdogo wa Turkana ulikuwa kituo cha Umoja wa Mataifa cha kupeleka misaada kusini mwa Sudan, na mwaka huo wa 1998 njaa kali ilikuwa imeliangukia jimbo la Bahr el Ghazal. Nilipofika kiwanjani, nilisimama nikaduwaa. Ndege ni ile ile! Tumbo lile, mabawa mgongoni, ulimi mkiani. Ila hii ilikuwa nyeupe, na rubani wake alivaa shati la kiraia.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma habari yake. Huitwa C-130 Hercules, kwa jina la yule mwenye nguvu wa hadithi za Kigiriki. Iliundwa na kampuni ya Lockheed ya Marekani, ikapaa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Agosti 1954. Tangu hapo imezaa ndugu wengi. Kuna inayobeba mizinga, kuna inayozipa ndege nyingine mafuta zikiwa angani, kuna inayoingia katikati ya kimbunga kupima upepo, na iliyovalishwa miguu ya kuteleza juu ya theluji ya ncha ya kusini ya dunia. Ya kiraia huitwa L-100. Ile iliyorefushwa zaidi ina chumba cha mzigo cha mita 17 hivi, ilhali ya jeshi ya kawaida ina mita 12 na kitu. Uganda ya Idi Amin ilikuwa na moja ya kiraia, na mwaka 1976 ndege nne za aina hiyo hiyo, za jeshi la Israeli, zilitua Entebbe usiku na makomando na kuondoka na mateka zaidi ya 100. Mwili ni mmoja. Leo hubeba bunduki, kesho hubeba mtama. Ndege haichagui. Anayechagua ni yule anayepakia.

Pale Lokichoggio ndege hizo hazikuwa zikitua kila mara, kwani kule ndani viwanja havikutosha na matope ni mengi. Zilikuwa zikishuka chini, zikainua pua kidogo, na magunia yakateleza yenyewe kutoka mkiani. Kila gunia lilivalishwa magunia mengine juu yake, ili la ndani likipasuka la nje lizuie.

Siku moja nilipelekwa kwa ndege ndogo kwenye kijiji kimoja cha Bahr el Ghazal kusaidia kuhesabu. Niliona magunia yakianguka kama mvua ya mawe mbali na watu, na ardhi ikitikisika. Yalipokwisha kukusanywa na kugawanywa, wanawake walipiga magoti. Walikuwa wakiokota mtama uliomwagika, punje moja moja, wakiupepeta kutoka kwenye vumbi kwa viganja. Karibu nami mama mmoja, mifupa mitupu, alimtia mtoto wake punje mbichi kinywani, naye mtoto akatafuna polepole. Nilisimama na kalamu yangu, nikakumbuka ungo wa mama, nikakumbuka shati lililokung'utwa. Kumbe kibaba nilichokitaka mimi kilikuwa na kinywa chake.

Nilipopata likizo nilikwenda moja kwa moja Msambweni. Nilimkuta baba barazani, nikamwamkia shikamoo, nikakaa mkekani. Nikamweleza yote: ndege, magunia, wanawake, yule mtoto. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishowe akauliza, "Kwa hivyo hufika?"

"Hufika, baba. Si yote, lakini hufika."

Akafikiri. "Hayo si yale yangu."

"Si yale, baba. Lakini ndege ni ile ile."

Alinyamaza kitambo, kisha akaita ndani, "Mama, umesikia? Hufika!" Mama akajibu kutoka jikoni kwamba amesikia. Usiku ule, mama aliniambia asubuhi, baba alilala hata adhana ya alfajiri ikambidi aamshwe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka mingi.

Nami nikamwomba radhi kwa kinyongo cha miaka mitano. Alicheka tu, akasema karo ile ingekwisha kunisaidia mapema, lakini kibaba kile kingenikaa kooni hadi leo.

Baba amekwisha kutangulia mbele ya haki. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005, shughuli za misaada zilihamia ng'ambo ya mpaka na Lokichoggio ikanyamaza. Lakini Hercules bado inaundwa. Ya siku hizi ina rafadha zenye mapanga sita badala ya manne.

Mzazi mwenzangu, hakuna baba asiyetaka watoto wake washibe, wala sikulaumu ukiona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu. Mimi nami ni mzazi sasa, na najua jinsi swali la mtoto mwenye njaa linavyochoma. Ila wahenga hawakukosea waliponena kuwa cha mtu mavi. Mali ya kuaminiwa ina mwenyewe, hata kama yuko nchi nyingine, hata kama hutamwona maishani. Siku moja mwanao atafika mahali ambapo mzigo ule ulikuwa ukienda. Mpe kitu cha kuja kukusimulia barazani.