Simba, kupe na kibanda nilichokijenga mwenyewe

Niliahidi makala ya pili kuhusu kuhifadhi nakala za data, lakini wiki tatu hizi kompyuta nimeigusa kwa kazi ya ofisini tu. Simba alikuwa mgonjwa.

Simba ni mbwa wetu wa miaka minne, si wa mbegu ya kujivunia. Kila Jumapili nilimwogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, ile jirani alinipimia kwa kifuniko cha soda. Kupe walikufa kweli. Kufikia Alhamisi wako tena, masikioni na katikati ya vidole. Nikaongeza dawa. (Ndiyo, mimi ninayewakemea wenzangu kwa kuzima na kuwasha seva bila kusoma rekodi zake.)

Kisha akaacha kula. Ufizi ukapauka, na asubuhi moja akatokwa na damu puani.

Daktari wa mifugo alimpima damu, akasema ni ehrlichia, bakteria anayeletwa na kupe wa kahawia na kukaa ndani ya chembe nyeupe za damu. Akaandika doksisaiklini ya siku 28. Kuhusu kipimo cha kifuniko alinikaripia: dawa hiyo ikizidi humdhuru mbwa. Halafu akauliza, "Analala wapi?"

"Kibandani, daktari."

"Umewahi kukikagua?"

Nilikwenda na tochi. Kibanda nilikijenga kwa mabaki ya mbao, na kila ufa ulikuwa na kupe, wengine wadogo kama mbegu za wimbi. Kupe huyu hunyonya mara tatu maishani: akiwa lava wa miguu sita, akiwa nimfu, na akiwa mzima. Kila akishiba huanguka, hujificha ufani akageuka, kisha hupanda mbwa tena. Jike hutaga mayai maelfu humo humo. Mimi nilikuwa nikifuta nakala, huku faili lenyewe likiwa kibandani!

Viroboto nao ni hivyo. Wazima unaowaona kwa mnyama ni kama asilimia 5 tu. Mayai, lava na pupa wako kwenye matandiko na sakafu, na pupa anaweza kungoja miezi ndani ya kifukofuko chake.

Nilichoma magunia, nikabomoa kibanda, nikaweka sakafu ya simiti. Nyufa za ukuta nilizinyunyizia dawa aliyoandika daktari, paka akiwa amefungiwa mbali, kwa sababu permethrin anayoivumilia mbwa inaweza kumuua paka. Simba alipewa kidonge cha fluralaner, kinachofanya kazi karibu wiki 12. Bei yake niliipigia hesabu mara mbili, kisha nikakumbuka gharama ya hiyo damu ya puani.

Jana alimfukuza kuku wa jirani, yule yule wa kifuniko. Nimekwenda kuomba radhi. Nakala za data ni wiki ijayo.