Shamba la Baridi Halipandwi Siku Moja

Watu wakisikia Kinangop wanafikiria viazi na kabichi, magunia yakipakiwa kwa lori kuelekea Nairobi. Kitu hawajui ni kwamba boma nyingi huku zinauza viazi asubuhi, halafu jioni mtoto anatumwa dukani na shilingi 30 alete sukuma. Piga hesabu. Shilingi 30 kila siku ni 10,950 kwa mwaka, na hapo hujaweka vitunguu, karoti wala dania. Kwetu hiyo ni sehemu nzuri ya karo ya mdogo wangu.

Ndiyo maana nilimwomba mama robo eka nyuma ya nyumba. Alinipa, lakini kwa sauti ya mtu anayekopesha: "Hapo hutoka viazi, na viazi ni pesa. Sasa nataka nione mboga." Tangu niache chuo, majirani nao wananiangalia waone kama hili pia nitaliacha. Kwa hivyo, wadau, hii bustani si ya kupigia picha tu. Lazima itulishe.

Msimamo wangu ni huu: ukitaka bustani kubwa mahali pa baridi, usianze kwa kupanga nafasi. Panga muda.

Video nyingi za bustani za baridi zinatoka Uingereza, Marekani na Kanada. Wenzetu huko wanangoja baridi ya mwisho ipite, halafu wanapanda karibu kila kitu kwa mpigo kwa sababu msimu wao ni mfupi. London mwezi wa Desemba, mchana una urefu wa saa 8 hivi. Juni unapita 16. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima. Baridi yetu inaletwa na mwinuko, karibu mita 2,500 juu ya bahari. Hatuna msimu wa theluji wa kutufungia shamba. Ukiwa na maji, unaweza kupanda mwezi wowote.

Lakini pia hakuna tarehe ya kukuambia sasa uko salama. Jalidi, ile barafu nyeupe ya alfajiri, hupenda usiku mkavu usio na mawingu, hasa kati ya Desemba na Februari. Mawingu ni blanketi. Yakikosekana, joto la udongo linapaa lote. Hewa baridi nayo ni nzito, inateremka na kutulia bondeni. Ndiyo maana maharagwe na malenge yangu yako upande wa juu, karibu na ukuta, na chini kabisa nimeweka sukuma, kabichi na liki, ambazo hazishtuki haraka. Minji huvumilia ikiwa bado midogo, lakini maua yake yakipigwa na jalidi, umekosa maganda. Jioni anga likiwa jeupe, natoa magunia ya zamani na nyasi kavu nafunika mimea laini. Asubuhi nafunua.

Juni na Julai shida inageuka. Ukungu unakaa siku nzima, majani hayakauki, na bakajani inaingia kwa viazi na nyanya. Nyanya za nje nimeziacha kabisa. Sitaki kupigana vita ambayo hali ya hewa imeshashinda.

Kitu kingine ni upole. Pakiti ya mbegu ikiandika siku 90, hizo si siku za Kinangop. Baridi inachelewesha kila kitu. Hii ndiyo sababu sikupanda robo eka yote siku moja: mngekula kabichi mpaka mchoke, halafu miezi miwili hakuna kitu. Nimeigawa kwa matuta, na kila wiki tatu nafungua tuta jipya. Karoti napanda moja kwa moja shambani kwa sababu hazipendi kuhamishwa, na siziwekei samadi mbichi, la sivyo zinatoka na miguu miwili. Samadi hiyo naiacha ioze kwanza, ndipo inaenda kwa kabichi. Msimu ujao kabichi itahama tuta, ili magonjwa ya udongo yasiizoee.

Na baridi ina zawadi zake. Sukuma na karoti za huku ni tamu, kwa sababu mimea hii hujikinga na baridi kwa kuongeza sukari.

Ukiwa Limuru, Molo au Ol Kalou na una kaploti, usingoje upate pesa za kulima kote. Anza na matuta mawili, andika tarehe kwa daftari, na uchunguze jalidi inalala wapi kwenu. Mimi kwa sasa niko tuta la nne. Mama bado hajasema kitu, lakini juzi alipita na kisu na beseni, akachuma sukuma bila kuniuliza.