Mwaka Mmoja, Siku Kumi na Mbili za Familia

Wazazi wenzetu, mtoto anapokaa barazani na kusema, "Leo hakuna cha kufanya," msimpuuze. Sisi tulipuuza, na tulijifunza kwa gharama.

Tunaishi Bweri, pembeni mwa mji wa Musoma, mahali ambapo nyumba zinaongezeka na miti inapungua. Wakati wa kiangazi, ikifika saa nne asubuhi mabati yameshashika moto na vumbi limeshaingia hadi kwenye vyombo. Watoto wetu ni wanne. Kama wazazi wengi wa hapa, tulikuwa tumewapiga marufuku kufika ziwani. Kuna mamba, tuliwaambia, kuna mawimbi, na kuna kichocho. Tulipokwisha kusema hayo, kila mmoja alirudi kwenye shughuli zake. Baba alikuwa kazini hata Jumamosi. Mama alikuwa dukani, na jioni kwenye mazoezi ya kwaya.

Mwezi Desemba mtoto wetu wa pili, mwenye umri wa miaka 9, alianza kulalamika tumbo. Tulidhani ni minyoo ya kawaida. Alipoanza kupata choo chenye damu tulimpeleka zahanati, wakampima, wakakuta kichocho. Tulishukuru kwamba dawa ilikuwapo na alipona. Lakini tulipomwuliza aliingiaje majini, alieleza bila kuficha kwamba karibu kila siku baada ya masomo walikuwa wakienda kuogelea yeye na wenzake. Dada yake mkubwa alikuwa anajua yote. Tukamgeukia yeye kwa ukali: kwa nini hukusema? Naye akajibu, "Mlisema tusiende ziwani. Hamkusema twende wapi."

Usiku ule hatukulala vizuri. Binti huyo alikuwa anaingia darasa la saba. Tulihesabu miezi: akifaulu, baada ya mwaka mmoja angekwenda shule ya bweni, na kwa kweli tulikuwa hatumjui sana. Basi tukakubaliana: kila mwezi siku moja iwe ya familia. Tuliweka masharti matatu. Tutakwenda wote, baba na mama pamoja. Tutatumia fedha kidogo. Na mtoto mmoja kwa zamu ataandika kwenye daftari yale tuliyoyaona.

Januari na Februari: asubuhi mapema

Miezi hii ni ya joto, kwa hiyo tulijifunza kutoka saa kumi na mbili na nusu. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka, ukatoka ziwani kuja nchi kavu, na mawimbi huinuka. Wavuvi wanalijua hilo tangu zamani, na ndiyo sababu tulimaliza safari zetu za ufukweni kabla ya saa nne.

Tulikwenda kwenye yale majabali makubwa yaliyo kando ya ziwa, yaliyopangana kana kwamba kuna mtu aliyeyabeba. Sheria ilikuwa moja: tunapanda mawe, hatuingii majini. Watoto walihesabu ndege. Walimwona mnandi akikausha mabawa, yangeyange weupe, na mdiria akisimama hewani kabla ya kujitupa majini kama jiwe. Yule aliyeugua alitueleza mwenyewe, kama mwalimu, jinsi vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwa konokono walio kwenye majani ya kando ya maji na kupenya ngozi ya mtu. Tuliona kwamba mtoto akipewa sababu hushika neno kuliko akipewa amri.

Februari tulishuka Mwigobero, samaki wanapoletwa na mitumbwi. Binti yetu alikabidhiwa fedha za kitoweo. Alijifunza kutazama jicho la samaki kama linang'aa, kufunua shavu aone kama ndani ni jekundu, na kubonyeza nyama aone kama inarudi. Alijua pia kwamba sangara aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka na kuwala furu kwa wingi. Aliomba apunguziwe bei, akapunguziwa. Kurudi nyumbani alitembea mbele yetu.

Masika: nyumbani nako ni mahali

Machi hadi Mei mvua hunyesha na njia za mtaani hugeuka matope. Tulikuwa karibu kuacha mpango wetu. Tena mwalimu aliwataka watoto wa darasa la saba wafike shuleni kila Jumamosi kwa masomo ya ziada, na hatukuweza kukataa. Tukahamishia siku yetu Jumapili baada ya ibada.

Tulichimba mashimo ya bao ardhini chini ya paa la jiko, tukacheza kwa kete za mawe. Tulipanda miembe miwili na mpapai, kila mti ukawa na mtoto wake wa kuutunza. Bibi yao alikuja kukaa nasi wiki mbili, akawafundisha kusonga ugali wa mtama na muhogo usio na mabonge. Mvua ilipokuwa inapiga mabati, alisimulia hadithi kwa sauti kubwa, nasi tukasogea karibu ili tusikie. Baba naye alisimulia utoto wake. Watoto walishangaa kusikia kwamba na yeye aliwahi kuchapwa kwa kwenda kuogelea.

Juni na Julai: Bunda

Likizo ya katikati ya mwaka tulikwenda Bunda kwa shangazi yao. Huo ni msimu wa kuvuna pamba. Watoto wetu wa mjini, waliodhani pamba hutoka dukani, walipewa vikapu wakaingia shambani na binamu zao. Kufikia saa nne vidole vyao vilikuwa vimekwaruzwa na vikonyo vikavu, na vikapu havijajaa. Hakuna aliyelalamika tena juu ya bei ya sare za shule.

Kutoka Bunda ukishika barabara kuu ya Mwanza unafika lango la Ndabaka, mojawapo ya malango ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951, na upande huu wa magharibi unasogea karibu kabisa na Ghuba ya Speke. Kati ya Mei na Julai makundi ya nyumbu hupita katika ukanda huu yakielekea kaskazini. Wengi wetu wa Mara tumeishi miaka mingi karibu na lango hili bila kuingia, tukidhani ni la wageni. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, watoto hulipa nafuu, na walio chini ya miaka 5 hawalipi. Kilicho ghali ni gari. Sisi tulishirikiana na familia mbili za kanisani tukakodi gari moja, tukagawana gharama. Ulizeni mapema namna ya kulipa, maana langoni hawapokei fedha taslimu.

Hatukufika mbali, lakini tuliona pundamilia, twiga na nyumbu wengi kuliko tulivyoweza kuhesabu. Tulipokwenda kupumzika karibu na lango, nyani mmoja alikuja taratibu kama mgeni aliyealikwa, akachukua mkate wetu wote akapanda nao juu ya mti. Kitinda mimba wetu alilia, kisha akacheka. Daftarini ukurasa ule una maneno matatu tu: "Nyani amekula mkate."

Agosti na Septemba: taa za majini

Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa hutoka na taa, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri na za jua. Mwezi ukiwa mkubwa hupumzika. Tuliangalia kalenda, tukachagua usiku wa giza, tukakaa mahali pa juu na blanketi na chupa ya chai. Mbele yetu kulikuwa na mamia ya taa, mji mzima uliojengwa juu ya maji. Asubuhi yake tuliwaona akina mama wakianika dagaa wale wale. Tulizungumza juu ya wanaolala macho ili sisi tupate mboga.

Watoto waliomba tupande mtumbwi. Tulikataa. Tunakumbuka MV Bukoba ya Mei 1996, na MV Nyerere iliyozama karibu na Ukara Septemba 2018, ambayo peke yake iliua watu zaidi ya 200. Kuvuka ziwa si kosa, lakini chombo kikiwa kimejaa kupita kiasi, au kikiwa hakina jaketi la kuokolea kwa kila mtu, mzazi asione haya kushuka.

Septemba binti yetu alifanya mtihani. Siku ya familia ya mwezi ule ilikuwa ni kulala tu.

Oktoba: Butiama

Tarehe 14 Oktoba ni sikukuu ya kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki London mwaka 1999. Kwa kuwa hakuna kazi wala shule, tulipanda basi dogo hadi Makutano, na kutoka pale tukaendelea hadi Butiama.

Tuliona kaburi lake pale Mwitongo, kwenye makazi ya ukoo wao, kati ya majabali. Tukaingia katika makumbusho yaliyofunguliwa Julai 1999, miezi michache tu kabla hajafa. Humo mna picha, zawadi alizopewa na vitu alivyotumia. Watoto walisimama muda mrefu mbele ya vitu vya kawaida kuliko mbele ya zawadi za wakubwa. Tuliwasimulia jinsi mwaka 1967, akiwa rais, alivyotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Watoto waliamua nasi tutembee sehemu ya njia ya kurudi. Tulitembea saa moja, tukasimamisha gari.

Lakini kilichotugusa kilikuwa kingine. Mwalimu alizaliwa mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake Mugaya. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alitoka Butiama akaenda kuanza darasa la kwanza katika shule ya Mwisenge pale Musoma, mwendo wa kilometa 40 hivi, akaishi huko. Shule hiyo ipo hadi leo. Watoto wetu wanapita karibu nayo. Binti yetu aliuliza, "Mama yake alifanyaje alipoondoka?" Hatukuwa na jibu. Yeye alikuwa na miaka 13, na Januari ilikuwa imebaki miezi mitatu. Tuliketi juu ya jiwe, baba, mama na mtoto, tukazungumza mambo ambayo kwa miaka hatukuyazungumza: anachoogopa, anachokipenda, nani atamsuka nywele huko, na kama tutakuja kumwona. Alisema pia kwamba siku ile ya kichocho alinyamaza kwa sababu alidhani tutamchapa mdogo wake, tusimsikilize. Tulimwomba radhi.

Vuli na Krismasi

Mvua za vuli zilipoanza, kumbikumbi walitoka jioni. Tuliwasha taa juu ya beseni la maji, tukawakusanya, tukawakaanga. Desemba tulirudi kwenye majabali yale yale tuliyoanzia, miezi kumi na miwili tangu mtoto wetu augue. Alisimama juu kabisa akawaonya watoto wengine waliokuwa wanaelekea majini. Matokeo ya dada yake yalikuwa yametoka, amefaulu.

Mambo tuliyojifunza

1. Ukikataza jambo, toa na lingine badala yake.
2. Panga shughuli kwa majira: asubuhi wakati wa joto, nyumbani wakati wa mvua.
3. Beba maji yaliyochemshwa, kofia, na chakula kilichofungwa vizuri, hasa penye nyani.
4. Mtoto aliyeingia ziwani apimwe hata kama haumwi. Dawa ya kichocho hutolewa pia mashuleni. Usimzuie mtoto wako kuimeza.
5. Kando ya maji mtu mzima mmoja asifanye kazi nyingine ila kuwatazama watoto.
6. Baba asiachwe nyuma. Siku isiyo na baba, watoto wetu waliiita "matembezi", si "siku ya familia".

Januari tulimsindikiza binti yetu stendi. Sanduku lilikuwa limejaa, na tulidhani amelipakia daftari letu humo. Tuliporudi nyumbani tulilikuta mezani. Nyuma yake alikuwa ameandika kwamba kurasa ishirini zimebaki, wadogo zake wazijaze, naye akija likizo atazisoma zote.

Mwezi huu ni zamu ya kitinda mimba kuandika. Hajui vizuri kuandika, kwa hiyo atachora. Amechagua twende Mwigobero, nasi tumekwisha kuomba ruhusa kazini.