Goti langu na fakta ya 8

Utotoni mwangu goti likivimba usiku, nyumba nzima haikulala. Baba alihangaika kutafuta gari, mama alinifunga barafu kwa kanga, kisha tukakaa benchi la hospitali tukingoja plazima iyeyuke. Nina himofilia A: damu yangu imepungukiwa na fakta ya 8, mojawapo ya protini zinazoigandisha. Ilijulikana nilipotahiriwa, damu ikagoma kukata. Kabla yangu, wajomba zangu wawili walikuwa wamefariki wakiwa watoto, na ukoo ukasema wamerogwa.

Plazima ilisaidia, ila ilibidi mifuko kadhaa ipite mshipani ili fakta kidogo tu ifike. Wakati huo wote damu inavujia ndani ya kiungo na kukila. Ndiyo sababu goti langu la kulia halinyooki hadi leo.

Nafuu ilikuja na fakta ya unga, msaada wa Shirikisho la Himofilia Duniani. Mama aliiogopa. Alishasikia jinsi maelfu ya wagonjwa wa Ulaya na Marekani walivyoambukizwa VVU miaka ya 1980, kwa dawa iliyotengenezwa kwa damu ya wachangiaji wengi. Muuguzi wa kliniki hakumbeza. "Ni kweli, mama. Ndiyo maana siku hizi virusi huuliwa kiwandani, na fakta nyingine haitokani na damu ya mtu kabisa."

Muuguzi huyohuyo ndiye aliyenifundisha kujichoma. Nawa mikono kwa sabuni, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, acha kichupa kitoke ubaridi wa friji. Futa kizibo cha mpira kwa spiriti, ngoja kikauke. Maji yakishaingia kwenye unga, hapa alinishika mkono: "Usitikise! Zungusha taratibu." Dawa ikibaki na chembechembe, haichomwi. Kisha funga mkono kwa mpira, tafuta mshipa, uchome. Damu ikichungulia kwenye mrija, legeza mpira na sukuma polepole. Sindano iliyotumika huenda kwenye boksi lake gumu, kamwe si jalalani. Namba ya bechi naiandika kwenye daftari pamoja na saa na kiungo kilichovuja.

Kipimo hupangwa na daktari kwa uzito wa mgonjwa, nami sikipunguzi ili dawa ifike mwisho wa mwezi. Nusu ya fakta ya 8 huisha mwilini kwa takriban saa 12, kwa hiyo dozi ya pili ina maana yake hata kama maumivu yametulia. Dawa ikionekana haifanyi kazi kama zamani, narudi kliniki kupimwa, kwa sababu mwili unaweza kuitengenezea kingamwili. Nikigonga kichwa, nachoma kwanza, halafu nakimbilia hospitali.

Goti la kushoto, lililokua wakati wa fakta, linanyooka vizuri kabisa.

Mzazi mwenzangu, mwanao akivimba viungo bila kuanguka, au jeraha dogo likitoka damu mfululizo, usimpe aspirini wala usikubali achomwe sindano ya msuli. Mpeleke akapimwe jinsi damu yake inavyoganda, na useme wazi kama kuna wajomba waliofariki kwa kutokwa damu.